Tajriba na Kura: Mjadala wa Uchaguzi Mkuu wa 2002 Nchini Kenya

Katiba iliyotumika nchini Kenya kabla ya mwaka 2010 ilimwekea mwaniaji urais masharti machache. Alitakiwa awe raia wa Kenya, awe ametimiza umri wa miaka 35 na awe amesajiliwa kuwa mpiga kura katika eneobunge fulani. Ili aapishwe, ilimbidi pia achaguliwe kuwa mbunge. Katiba ya 2010 iliondoa sharti la miaka 35, nayo Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikaongeza shahada ya chuo kikuu. Sheria hizo zote, za zamani na za sasa, hazitaji tajriba. Mizani hiyo ameachiwa mpiga kura, naye hana budi kujiamulia atapima nini.

Ugumu wa kazi hiyo unaanzia katika lugha yenyewe. Katika mazungumzo ya kisiasa maneno tajriba na uzoefu hutumiwa kana kwamba ni mamoja, ilhali asili zake hazifanani. Uzoefu umenyambuliwa kutokana na kitenzi zoea: aliyezoea jambo ni yule ambaye jambo hilo halimshtui tena. Tajriba imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliozaa jaribu, jaribio na majaribu. Kwa hivyo mwenye uzoefu amekaa mahali kwa muda mrefu. Mwenye tajriba amejaribiwa. Mtu aweza kukaa katika baraza la mawaziri miaka ishirini, akazoea bendera garini na saluti za askari, asijaribiwe hata siku moja.

Tofauti hii ilidhihirika katika uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2002. Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa madarakani tangu 1978, hakuruhusiwa na katiba kuwania tena. Katikati ya mwaka huo alimtangaza Uhuru Kenyatta kuwa chaguo lake, na tarehe 14 Oktoba wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani wakamwidhinisha. Siku iyo hiyo, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Raila Odinga alisimama mbele ya umati akatamka maneno mawili: "Kibaki tosha!" Mwanafunzi wa sarufi atatambua kwamba kitenzi hicho kimekosa kiambishi cha nafsi na cha wakati. Mpiga kura hakujali, kwani neno lenyewe lilibeba swali zima la mwaka huo: nani anatosha?

Kwa hesabu ya miaka, jibu lilikuwa bayana. Mwai Kibaki, aliyezaliwa 1931, alikuwa bungeni tangu 1963. Alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1969 hadi 1982, Makamu wa Rais kuanzia 1978 hadi 1988, kisha Waziri wa Afya mpaka alipojiuzulu Desemba 1991 na kuunda chama cha Democratic Party. Aliwania urais mwaka 1992 na 1997, akashindwa mara zote mbili. Uhuru, aliyezaliwa 1961, aliwania kiti cha ubunge cha Gatundu Kusini mwaka 1997 akaangushwa. Aliingia bungeni Oktoba 2001 kwa kuteuliwa, na mwezi uliofuata akafanywa Waziri wa Serikali za Mitaa. Alipoidhinishwa Kasarani alikuwa amekuwa mbunge kwa takriban mwaka mmoja, tena bila kuchaguliwa na eneobunge lolote.

Mabishano yaliyozuka masokoni, ndani ya matatu na kwenye vibaraza vya maduka yalifuata njia mbili. Upande mmoja ulishikilia kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi: uchumi ulikuwa umezorota, wafadhili walikuwa wamekunja mikono, na nchi ilihitaji mtu aliyewahi kuandaa bajeti, si mwanagenzi. Upande wa pili ulijibu kwa ukali usiokosa mantiki. Hao wenye tajriba, ulisema, ndio walioifikisha nchi hapo ilipo. Kibaki mwenyewe alikuwa ndani ya serikali ya chama kimoja hadi mwisho wake. Naye ndiye aliyewahi kuwakejeli waliotaka kuing'oa KANU kwa kuwafananisha na watu wanaojaribu kuuangusha mkuyu kwa wembe. Ikiwa hiyo ndiyo tajriba, vijana walihoji, ina faida gani kwa asiye na kazi? KANU nayo ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuazima. Mwezi Novemba Musalia Mudavadi, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais na kusimama kando ya mwaniaji.

Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba ubishi huo ulihusu miaka pekee. Simeon Nyachae alikuwa katika kinyang'anyiro hicho pia. Alikuwa amewahi kuwa mkuu wa mkoa, mkuu wa utumishi wa umma, kisha waziri, ikiwemo wizara ya Fedha. Katika uendeshaji wa serikali, hapana mwaniaji aliyemzidi. Alipata takriban asilimia 6 ya kura. Kama wapiga kura wangekuwa wakipima tajriba kwa kuhesabu vyeo, matokeo hayo hayangeelezeka.

Tajriba lilikuwa neno la heshima lililofunika mambo mengine. Kwa raia wengi lilikuwa njia ya kuuliza ni nani hasa angetawala baada ya Moi kuondoka Ikulu. Kijana asiye na nguvu zake mwenyewe, walihofia, angekuwa mkono wa mtu mwingine. Kwa vigogo waliokihama chama, akiwemo George Saitoti aliyekuwa Makamu wa Rais kwa zaidi ya muongo mmoja, tajriba ilikuwa foleni. Walikuwa wamesubiri zamu yao kwa unyenyekevu, na sasa aliyekuja jana alikuwa ametangulizwa mbele yao. Manung'uniko ya aina mbili, yasiyohusiana sana, yakapata neno moja la kuyasemea.

Kibaki alishinda kwa takriban asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru, ambaye alikubali kushindwa. Yaliyofuata yaliithibitisha hoja ya tajriba na kuikanusha papo hapo. Januari 2003 elimu ya msingi bila malipo ilianza, na zaidi ya watoto milioni 1 wakaongezeka madarasani. Ukuaji wa uchumi ulipanda kutoka chini ya asilimia 1 mwaka 2002 hadi takriban asilimia 7 mwaka 2007. Hapo mkono wa Waziri wa Fedha wa zamani ulionekana. Lakini kashfa ya Anglo Leasing ilifichuka mwaka 2004, muungano wa NARC ukasambaratika, na uchaguzi wa 2007 ukafuatiwa na machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Miaka 13 ya kuandaa bajeti haikuwa imemjaribu mtu kwa mambo hayo.

Miaka sita baada ya uchaguzi wa 2002, mjadala huo huo ulivuka bahari. Barack Obama, aliyezaliwa 1961 kama Uhuru, alikuwa amekaa katika Seneti ya Marekani tangu Januari 2005 tu. Hillary Clinton, kisha John McCain aliyekuwa seneta tangu 1987, walimshambulia kwa hoja ya uchanga. Obama alimteua Joe Biden, seneta tangu 1973, kuwa mwaniaji mwenza. Tajriba ya kuazima tena. McCain kwa upande wake alimteua Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska kwa muda usiotimia miaka miwili, akaipunguzia makali silaha yake mwenyewe. Nchini Kenya, ambako babake Obama alizaliwa, swali la uchanga halikumsumbua mtu sana. Serikali ya Kibaki, iliyoingia kwa sifa ya tajriba, ilitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu ya kitaifa ya kusherehekea ushindi wa seneta huyo mchanga.

Uhuru Kenyatta alirudi uwanjani mwaka 2013. Wakati huo alikuwa amekuwa kiongozi wa upinzani, Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha. Kwa kipimo cha 2002 alikuwa amehitimu, lakini ni wachache waliokumbuka kumpongeza kwa hilo. Wapiga kura walikuwa wakibishana kuhusu kesi iliyomkabili katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini Hague, ambayo mashtaka yake yaliondolewa Desemba 2014, wakati ambapo alikuwa ameshakaa Ikulu karibu miaka miwili.