Ganda la Giaboksi: Usafishaji wa Magari ya Kale na Msamiati wa Karakana

1. Utangulizi

Mji wa Laare uko katika milima ya Nyambene, sehemu za Igembe, Kaunti ya Meru, na ni mmoja wa miji ya biashara ya miraa nchini Kenya. Miraa hupoteza nguvu yake upesi baada ya kuchumwa. Zikipita siku mbili hivi, bei yake huanguka. Kwa sababu hiyo gari katika sehemu hizo ni kiungo kati ya shamba na soko, na likiharibika njiani usiku, mzigo mzima huweza kuwa hasara. Siku hizi pikapu za Toyota Hilux ndizo zenye sifa katika kazi hiyo. Hata hivyo, nchini Kenya yangalipo magari ya kale zaidi ambayo wenyewe hawako radhi kuyatupa, kama vile Land Rover za zamani na Peugeot 404, gari lililojijengea jina kwa kushinda mbio za Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Tofauti kubwa kati ya gari la kale na gari jipya ni vipuri. Ganda la giaboksi la gari lililotengenezwa mwaka 1965 likitoboka au kupasuka, si jambo la kwenda dukani na kununua jingine. Kwa hiyo fundi anayelisafisha ganda hilo anashika kitu ambacho pengine hakina badala.

Makala haya yanaeleza namna ganda la giaboksi linavyosafishwa na kurudishiwa sura yake, na papo hapo yanachunguza baadhi ya maneno yatumikayo katika kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Mwanafunzi wa karakana huelekezwa kwa maneno, na neno lisilopambanua huweza kuharibu chombo kama vile nyundo isivyotumiwa kwa hadhari.

2. Jina la kitu chenyewe

Neno giaboksi, lililotoholewa kutoka Kiingereza, lina maana ya chombo kizima: gia zenyewe, shafti zinazozibeba, beringi, mafuta, na kile kinachovifunika vyote. Kwa sehemu hii ya mwisho lugha ya karakana haijatulia. Aghalabu mtu husema giaboksi tu, na msikilizaji huachiwa ajue kama ni chombo kizima au ni kile cha nje kinachotajwa.

Kutohoa jina jingine kutoka Kiingereza hakuleti nafuu kubwa. Neno kesi litagongana na kesi ya mahakamani. Neno kasha ni la Kiswahili na linafaa kwa vitu vingi, lakini giaboksi tayari limebeba boksi ndani yake, hata kasha la giaboksi likawa kana kwamba ni boksi la boksi. Neno ganda, kwa upande wake, lina maana inayojulikana na kila mtu: ganda la yai, ganda la nazi, ganda la mti. Katika mifano yote hiyo ganda ni kile cha nje kinachokihifadhi cha ndani. Ndiyo kazi hasa ya sehemu hii ya gari, kwa hiyo neno ganda ndilo linalotumiwa hapa.

3. Chuma, pua na alumini

Ugumu mkubwa zaidi unatokana na neno chuma. Kwa maana yake halisi, chuma ni metali ya aina moja, ile inayoshika kutu nyekundu na kuvutwa na sumaku. Lakini katika mazungumzo ya kila siku chuma ni karibu kila kitu kigumu kisicho mti wala jiwe. Kiswahili cha zamani hakikuwa na neno moja la kukusanya chuma, shaba, risasi na bati kwa jumla. Neno madini hutumika mara nyingine, lakini hilo linahusu zaidi vitu vichimbwavyo ardhini. Neno metali, ambalo limezoeleka katika vitabu vya sayansi, linajaza pengo hilo. Faida yake si kwamba ni la kitaalamu, bali kwamba linalifungua neno chuma lirudi katika maana yake yenyewe.

Haja ya kupambanua huonekana mara ganda la giaboksi linapowekwa juu ya meza. Malori mengi ya zamani yana maganda ya chuma cha kusubu. Ganda la Peugeot 404 limesubiwa kwa alumini. Volkswagen ndogo ya zamani, ile yenye injini nyuma, ina ganda la aloi ya magnesi, metali nyepesi kuliko alumini. Yote matatu, yakiwa yamefunikwa na mafuta na udongo, hufanana, na yote matatu huitwa chuma.

Ifahamike kwamba katika jambo hili Kiswahili si maskini. Kitenzi kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa katika kalibu ili ichukue umbo lake, ni cha siku nyingi, na kadhalika neno kalibu. Pua, au chuma cha pua, ni chuma kigumu cha kutengenezea visu na patasi. Kwa hiyo chuma cha kusubu na chuma cha pua zinatofautishwa barabara bila kukopa neno lolote.

Hatari ya kutopambanua ni hii. Dawa moja inayosifiwa kwa kuondoa mafuta yaliyogandamana ni kostiki soda, yaani ile soda kali itumiwayo kutengenezea sabuni. Ikitumiwa kwa uangalifu juu ya chuma cha kusubu, huondoa mafuta na rangi bila kukidhuru chuma chenyewe. Lakini soda hiyo huila alumini. Ganda likitumbukizwa humo huanza kutoa mapovu, na mapovu hayo ni gesi ya haidrojeni iwezayo kushika moto. Metali yenyewe huyeyuka ndani ya maji, nyuso huwa na vishimo, na hesi za bolti hulegea. Mwanafunzi aliyeambiwa, "Osha chuma hiki kwa soda," ametii. Kosa limo katika neno.

Wapishi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Sufuria nyingi za leo ni za alumini, na mtu apikaye mahindi au mboga kwa magadi huona sufuria yake ikigeuka nyeusi. Magadi ni dhaifu mno yakilinganishwa na kostiki soda, lakini ni ya jamii moja nayo. Mwalimu wa ufundi anayeanza na mfano wa sufuria huwa amekwisha kueleza nusu ya somo.

Vipimo vyepesi vya kutambua metali viko viwili. Kwanza, sumaku: ikishika, ganda ni la chuma, isiposhika, ni alumini au magnesi. Pili, siki: mahali padogo pasipo na kazi pakwanguliwe kwa tupa hadi pang'ae, kisha patiwe tone la siki. Magnesi hutoa mapovu upesi, lakini alumini hutulia. Kipimo hiki cha pili si cha kupuuzwa, maana vumbi la magnesi huwaka kwa moto mkali, na maji huuongeza badala ya kuuzima. Karakana inayokwangua ganda la namna hiyo yafaa iwe na mchanga mkavu karibu.

4. Hatua za kusafisha

Usafi huanza kabla ya giaboksi kufunguliwa. Udongo mwekundu wa Nyambene, wakati wa vumbi na wakati wa mvua, hushikamana na mafuta yanayovuja na kufanya gaga nene juu ya ganda. Gaga hilo huzuia joto lisitoke. Huweza pia kuliziba tundu la kupumulia, yaani kitundu kidogo kilicho juu ya ganda. Giaboksi inapopata joto, hewa iliyo ndani hutanuka. Ikikosa njia, huyasukuma mafuta yapite kwenye sili, na mafuta yakipungua, gia na beringi huungua. Mara nyingi uvujaji unaodhaniwa kuwa ni ubovu wa sili huwa ni tundu lililoziba tu.

Baada ya mafuta kumwagwa katika chombo, na si ardhini wala mtoni, gaga hukwanguliwa kwa kipande cha mti. Tindo na bisibisi za pua ni ngumu kuliko alumini na huacha mikwaruzo. Kisha ganda husuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa. Petroli husafisha upesi zaidi, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Mwishowe ganda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, likakaushwa.

Giaboksi ikishafunguliwa na kutolewa vilivyo ndani, gasketi kuukuu huondolewa katika nyuso za maungio. Nyuso hizi ndizo sehemu nyeti kuliko zote. Mafuta huzuiwa kwa sababu nyuso mbili zilizonyooka zimekutana. Mkwaruzo mmoja wa kuvuka uso ni mfereji wa kuvujia. Kwa hiyo hazipigwi msasa kwa mkono mtupu, wala hazipuliziwi mchanga. Kupuliza mchanga kuna hatari nyingine mbili: chembe hujificha katika vitundu vya ndani na baadaye kuzisaga beringi, na vumbi lake huharibu mapafu ya mfanyakazi.

Neno msasa lenyewe lafaa kuangaliwa. Asili yake ni mti wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja kuchukua kazi ya jani, ilichukua na jina. Hakuna kamati iliyohitajika. Kazi ilipofanana, neno lilihama.

Ganda likiwa safi, hutafutwa nyufa. Njia ya zamani isiyohitaji mtambo ni ya mafuta ya taa na chaki. Mafuta hupakwa, huachwa yapenye, kisha hupanguswa kabisa, na unga wa chaki hupakwa juu yake. Penye ufa, mafuta hurudi nje na kuchora mstari katika chaki. Ufa ukionekana mapema, fundi hodari wa kuchomelea alumini huweza kuuziba; ukionekana gari likiwa limesheheni mzigo njiani, ni hasara.

5. Kurudisha sura

Hapa tena jina la metali huongoza kazi. Chuma cha kusubu kikiachwa wazi hushika kutu, na kutu ya chuma hula kuelekea ndani bila kukoma. Ganda la namna hiyo hapana budi lipakwe rangi, kwanza ile ya kuzuia kutu, kisha ya juu. Alumini haina tabia hiyo. Ikikutana na hewa hujifanyia utando mwembamba unaoihifadhi, na utando huo ukikwanguliwa hurudi wenyewe. Anayeuita kutu, akausugua kila mwaka kwa msasa, hupunguza metali bila faida. Hata hivyo, pakiwa na chumvi au unyevu wa daima, hutokea unga mweupe na vishimo; huo ndio wa kuondolewa.

Kwa sababu hiyo, ganda la alumini huweza kuachwa bila rangi, likiwa limesuguliwa kwa brashi laini tu. Mwenye gari akitaka rangi, hapana budi itangulizwe rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, kwani rangi ya kawaida hubanduka. Vyovyote vile, rangi isiwe nene, isiguse nyuso za maungio, wala isizibe tundu la kupumulia.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba hatua karibu zote za kazi hii, kuanzia uchaguzi wa dawa ya kuoshea hadi uchaguzi wa rangi, zinategemea swali moja: ganda hili ni la metali gani? Swali hilo haliwezi kuulizwa vizuri katika lugha ambayo kila metali ni chuma. Kiswahili kinayo maneno ya kuliulizia, lakini yamegawanyika. Kusubu, kalibu na pua yamekaa katika kamusi, huku giaboksi, gasketi na beringi yakikaa karakanani, na metali na alumini yakikaa katika vitabu vya shule.

Wajibu wa wanaokusanya istilahi, basi, si kubuni tu. Yafaa waende pia kule kazi inakofanyika, waandike yanayosemwa, na wayarudishe kwa mafundi maneno ambayo lugha tayari inayo. Kamusi ya ufundi itakayomwezesha mwanafunzi wa Laare kutofautisha alumini na chuma cha kusubu kabla hajafungua mkebe wa soda itakuwa imeokoa maganda mengi yasiyo na badala.