Asili ya Maneno ya Habari na Wajibu wa Kada

Kila siku sisi makada hutamka maneno habari, taarifa, gazeti, simu na mawasiliano bila kujiuliza yametoka wapi. Upungufu huo si mdogo. Neno hubeba historia ya kazi na biashara ya watu waliolitumia, na historia hiyo ina mafunzo kwetu.

Habari limetokana na neno la Kiarabu khabar. Taarifa nalo ni la Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa neno maarifa, yaani kujua. Hivyo basi, taarifa haitimizi jina lake mpaka aliyeipokea amejua.

Simu ni neno la Kiajemi, sim, lenye maana ya waya. Waya wa baharini ulipofika Zanzibar mwaka 1879, ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Jina tulilipata, lakini chombo hakikuwa chetu.

Gazeti lilitufikia kupitia Kiingereza, na asili yake ni Venice, ambako gazeta ilikuwa sarafu ndogo. Yasemekana katika karne ya 16 hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya karatasi ya habari. Jina lenyewe basi lilitoka sokoni. Hata hivyo, asili ya neno haifungi matumizi yake: TANU ilipoanzisha Sauti ya TANU mwaka 1957, karatasi hiyo ilikuwa silaha ya kudai uhuru.

Tangaza na eneza ni maneno ya Kibantu: kufanya jambo litangae, kufanya jambo lienee. Yote mawili yana mwelekeo mmoja, kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji. Mawasiliano ni tofauti. Tulichukua wasili, yaani kufika, kutoka Kiarabu, kisha Kiswahili kikaongeza -ana, kiambishi cha kutendeana. Kuwasiliana ni kufikiana.

Hapa ndipo kiini cha suala. Kada anayesoma waraka mkutanoni, akafunga jalada na kuondoka, ametangaza, hajawasiliana. Kama swali la mkulima kuhusu bei ya zao lake halikufika wilayani, na jibu halikurudi kijijini, basi njia imekatika, hata kama vipaza sauti vimelia kutwa nzima.

Tueneze, ndiyo. Lakini tukumbuke ile -ana.