MTU WA NG'OMBE APEWA MBIO ZA MAGARI

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Safari Rally, yale magari yanayotimua vumbi huko Kenya. Kule Marekani kuna mbio za namna nyingine. Mara nyingi magari huzunguka uwanja mmoja tu. Uwanja mashuhuri kuliko vyote uko Indianapolis, na mzunguko wake ni kilomita 4. Katika mashindano makubwa ya hapo, yaliyoanza mwaka 1911, magari 33 huuzunguka mara 200. Mbio hizo, pamoja na nyingine za mwaka mzima, huitwa IndyCar.

Je, kiongozi wa mbio hizi hupatikanaje? Chama cha magari cha dunia, FIA, kina rais anayepigiwa kura na vyama vya nchi mbalimbali. IndyCar sivyo. Ile ni mali ya mtu. Tangu mwaka 1945 uwanja ulikuwa wa ukoo wa Hulman. Mwenye mali ndiye anayeajiri kiongozi, na ndiye anayemwachisha.

Mjukuu wa ukoo huo, Tony George, alianzisha mashindano yake mwaka 1996. Timu kubwa zikakataa kumfuata. Ugomvi ukaendelea miaka 12, watazamaji wakapungua, fedha nazo zikapungua. Pande mbili zilipatana mwaka 2008. Mwaka uliofuata George akatoka madarakani.

Sasa atafutwe nani? Wengi walitazamia fundi wa magari au dereva wa zamani. Lakini wapi! Mwaka 2010 aliajiriwa Randy Bernard, kiongozi wa mchezo wa kupanda madume ya ng'ombe. Katika mchezo huo mtu hukaa juu ya dume kali, hushika kamba kwa mkono mmoja, na lazima adumu sekunde 8. Bernard aliuongoza tangu mwaka 1995, ukakua mpaka ukajaza viwanja vikubwa na kuonyeshwa katika televisheni. Magari alikuwa hayajui. Sisi tunaona waajiri hawakukosea. Magari yalikuwa na mafundi tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuwarudisha watazamaji.

Naye alijitahidi. Mwaka 2011 alitangaza zawadi ya dola milioni 5 kwa dereva asiye wa kawaida katika IndyCar atakayeshinda mbio za mwisho wa mwaka huko Las Vegas. Aliyejaribu ni Dan Wheldon, Mwingereza, ambaye mwaka huohuo alishinda Indianapolis lakini hakuwa na kazi ya mwaka mzima. Akishinda, nusu ya fedha ingekwenda kwa mtazamaji mmoja. Alitakiwa kuanza nyuma ya wote.

Tarehe 16 Oktoba magari 34 yaliingia katika uwanja mdogo wa kilomita 2.4 tu, wenye kona zilizoinuka, ambamo dereva haachii mafuta hata kidogo. Kwenye mzunguko wa 11 magari 15 yaligongana. Wheldon akafa, akiwa na umri wa miaka 33. Aliacha mke na watoto wawili wadogo. Mbio zilivunjwa.

Msiba ule haukutokana na zawadi peke yake. Magari yalikuwa mengi mno kwa uwanja ule. Lakini watu hawakusahau. Tena wenye timu walikuwa wakinung'unika juu ya gharama za gari jipya la mwaka 2012. Oktoba 2012 Bernard aliondoka. Akaja Mark Miles, aliyewahi kuongoza chama cha wachezaji wa tenisi. Mtu wa nje tena!

Mwaka 2019 ukoo wa Hulman ulikubali kuuza vyote kwa Roger Penske, tajiri mwenye timu yake ndani ya mbio hizohizo. Basi mwenye timu akawa pia mwenye uwanja. Penske aliacha kuwaelekeza madereva wake siku ya mbio, lakini timu hakuiuza. Mwaka 2024 dereva wake Josef Newgarden alinyang'anywa ushindi wa St. Petersburg, kwa sababu gari lake lilitumia nguvu ya ziada wakati usioruhusiwa. Waliompokonya ni waamuzi wa mashindano ya Penske mwenyewe.