Amil Shivji: Kutoka kwa mpiga kiwi hadi Toronto

Washikaji wa Kasingirima, pale Ujiji, mnaongoja bosi mwenye fuko la pesa ndipo mtoe filamu, hebu msikieni kwanza huyu Amil Shivji.

Mtoto wa Dar, kazaliwa 1990, akasomea sinema Chuo Kikuu cha York, Toronto, kisha akarudi zake Bongo. Hakurukia makubwa. Mwaka 2013 alitoa "Shoeshine", filamu fupi ya mpiga kiwi viatu. Kijiwe kimoja, dakika chache, basi! Mwaka uliofuata ikaja "Samaki Mchangani", nayo fupi. Hata kampuni yake kaibatiza Kijiweni.

Filamu ndefu ya kwanza, "T-Junction", ilifungua tamasha la ZIFF, Zanzibar, mwaka 2017. Ndipo akajitwisha gunia zito: riwaya ya Adam Shafi, "Vuta N'kuvute", penzi la Yasmin na Denge katika Zanzibar ya mkoloni. Septemba 2021 ikaonyeshwa tamasha la Toronto, jiji lile lile alikosomea. Mwaka 2022 Tanzania ikaiteua kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu "Maangamizi" ya 2001. Haikupita mchujo, lakini jina lilishasikika.

Piga hesabu: miaka minane toka kijiweni hadi Toronto. Sifa za ng'ambo tamu, ila filamu isipofika kibanda cha video cha mtaani, wenye stori yao hawajaiona.

Nanyi wa Ujiji mna wavuvi wa dagaa wanaokesha ziwani na taa zao. Hiyo si stori? Anzeni na dakika kumi tu.