Ukienda Kisangani Kufundisha Lugha Moja, Jiandae Kujifunza Tatu

Fasihi ya Kiingereza imeshaufikia mji wa Kisangani, nchini Kongo, kwa vitabu viwili maarufu, na vyote viwili vimeusimulia kwa macho ya mgeni. Joseph Conrad alipanda Mto Kongo kwa meli ya mvuke mwaka 1890 hadi kituo cha Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, na safari hiyo ikamzalia Heart of Darkness. Mwaka 1979 V.S. Naipaul akachapisha A Bend in the River, kisa cha Salim, kijana wa ukoo wa Kihindi kutoka pwani ya Afrika Mashariki aliyekwenda kuendesha duka katika mji ulioko kwenye kona ya mto mkubwa. Naipaul hakuutaja mji kwa jina, lakini anayeijua Kisangani haulizi. Mwalimu mpya wa Kiingereza akishauriwa asome vitabu hivyo kabla ya safari, mimi ningemwambia avisome akisharudi. Ndani yake wenyeji huongea kidogo mno, na kitakachomshangaza yeye huko ni jinsi wanavyoongea, tena kwa lugha ngapi.

Mtoto wa Mangobo, mtaa mmoja wa Kisangani, anaamka na Kilokele au Kitopoke cha nyumbani kwao. Akitoka nje anacheza kwa Lingala, akitumwa sokoni anaichanganya na Kiswahili, akifika shuleni anakutana na Kifaransa. Kiingereza kinapomfikia sekondari, ni lugha ya nne au ya tano. Mwalimu aliyetoka Eldoret au Arusha na lugha zake tatu, mojawapo ile ya bibi yake ambayo ameanza kuisahau, ndiye maskini wa darasa.

Kiswahili chake kitamfaa, ila si kama alivyotarajia. Lugha hiyo ilifika huko na misafara ya Tippu Tip, Mzanzibari ambaye Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ilimteua gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Lingala ikapanda kutoka magharibi pamoja na askari, meli na wachuuzi wa mtoni. Hakuna iliyoifukuza mwenzake. Muuza pondu, yaani kisamvu, atamsalimu mgeni kwa Kiswahili, atamwita mwenzake kwa Lingala, kisha bei ataitaja kwa Kifaransa, maana pesa huko huhesabiwa kwa Kifaransa. Asiyejua tarakimu za Kifaransa atalipa zaidi kwa wiki kadhaa, huku akitabasamu.

Shuleni, mkuu anaitwa prefe. Mkenya aliyezoea kwamba prefekti ni mwanafunzi wa kuandika majina ya wapiga kelele itabidi aume ulimi. Prefe atadai fishi, ile karatasi ya maandalizi ya kila somo: lengo, hatua, kazi ya mwalimu upande huu, kazi ya mwanafunzi upande ule. Mkaguzi akija, anaanza na hiyo. Wanafunzi, mashati meupe na sketi au suruali za bluu, husimama mwalimu anapoingia. Wanakaa, wananakili yaliyo ubaoni, kichwa cha somo wanakipigia mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Kipindi kinaweza kuisha daftari likiwa safi kabisa na hakuna mdomo uliofunguka. Wala si uvivu. Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari hupima Kiingereza kwa maswali ya kuchagua jibu, kwa hiyo mtu anaweza kukifaulu bila kukizungumza.

Na midomo ikifunguka, Kifaransa ndicho kinachosema chini kwa chini. Msichana akiulizwa umri wake atajibu kwa Kiingereza kwamba anayo miaka 15, kama vile mtu anavyokuwa na mbuzi 15. Ndivyo Kifaransa kinavyosema, na Kiswahili pia. Mgeni asiyejua Kifaransa atayasahihisha makosa ya namna hii mwaka mzima, moja moja, bila kujua yanakotoka. Mwenyeji aliyesomea ISP, chuo cha ualimu cha hapo mjini, anajua yalipozaliwa na atayamaliza kwa dakika mbili.

Ndiyo maana sidhani Kisangani inamhitaji mgeni kwa ajili ya sarufi. Marekani ilipeleka vijana wa kujitolea wa Peace Corps nchini, enzi hizo Zaire, kuanzia 1970, na kati yao walikuwamo walimu wengi wa Kiingereza. Uporaji wa askari wa Septemba 1991 ukawaondoa. Kiingereza hakikufa kwa kuondoka kwao. Kiliendelea kufundishwa na Wakongo, wakiwamo waliotoka ISP na Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963. Leo msukumo unatoka mashariki. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Benki za Nairobi, Equity na KCB, zimenunua benki za Kongo. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo Kampala anataka kuongea kwa simu na kueleweka, hana shida na kujaza nafasi zilizo wazi kwenye sentensi. Kwake yeye, mgeni asiyejua Kifaransa ni mali: analazimika kuongea naye Kiingereza, hakuna pa kukimbilia.

Mganda atakayekwenda ajue jambo moja zaidi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji huu, nchi isiyo yao, na mamia ya raia wakafa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa makosa yake katika vita vya Kongo kwa jumla, Kisangani ikiwamo. Hakuna atakayemdai mwalimu. Lakini akiulizwa ametoka wapi, ajibu taratibu, kisha asikilize.

Mengine ni ya mgeni yeyote. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo inakataliwa. Umeme wa shirika la SNEL, unaozalishwa kwenye mto Tshopo, una mgao wake. Chakula ndicho kitakachomtuliza: lituma, ndizi zilizochemshwa zikatwangwa kinuni mpaka zivutike, zikaviringwa madonge na kuletwa mezani pamoja na samaki wa mtoni. Ukitoka Bukoba utajiona nyumbani, ingawa watakwambia ndizi zenu zimepondwapondwa tu.

Kwa lugha, nisingemshauri mtu anunue kitabu. Amtafute mwanafunzi wa chuo anayetaka Kiingereza, wapatane saa moja kwa saa moja, barazani. Huyo atamcheka matamshi, atamfuta jasho la Kifaransa, atamwonyesha wapi Kiswahili chake kinanukia Dar es Salaam. Na atampa kazi ya nyumbani: aende soko kuu asubuhi, anunue samaki kwa Lingala tupu, arudi na chenji sahihi.