Maswali ya Siri: Kompyuta na Hatari ya VVU

Programu za kompyuta za kujitathmini hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, yaani VVU, hazipimi damu wala mate, bali humuuliza mtumiaji kuhusu mwenendo wake, kama vile idadi ya wenzi, matumizi ya kondomu na kuchangia sindano, kisha huyapa majibu uzito kwa kufuata takwimu za maambukizi na kumjulisha kama hatari yake ni ndogo au kubwa. Hesabu hiyo hata mnasihi angeweza kuifanya kwa kalamu. Kinachoipa mashine thamani ni kwamba haina macho ya kumtazama mtu.

Jambo hilo lilidhihirika Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, ambapo wachangiaji damu 272 walihojiwa na kompyuta, na 12 kati yao wakataja vitendo vya hatari au dalili za ugonjwa, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyegunduliwa kwa fomu na mahojiano ya kawaida. Utafiti mwingine wa mwaka 1998, uliowahusu vijana wa kiume 1,690 wa nchi hiyohiyo, ulionyesha kwamba waliosikiliza maswali kwa vifaa vya masikioni na kujibu kwenye kompyuta waliripoti kujidunga dawa za kulevya, au kujamiiana na wanaume, mara tatu au zaidi ya waliojaza karatasi, ingawa karatasi nazo zilijazwa faraghani. Pengine karatasi hubaki na mwandiko wa mtu.

Hata hivyo, programu hujua yale tu anayoyajua mtumiaji. Mke asiye na mwenzi mwingine anaweza kuambiwa kuwa hatari yake ni ndogo, kumbe mumewe ameambukizwa bila yeye kujua. Aidha, aliyekumbana na hatari jana hafai kuridhika na alama za kompyuta, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72, na kipimo chenyewe kinaweza kutoonyesha kitu katika kipindi cha dirisha, yaani majuma ya mwanzo ambapo maambukizi hayajaonekana. Vitendanishi vya kujipima vilizinduliwa Kenya mwaka 2017, na Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2019 ili kuviruhusu, hivyo anayeambiwa na programu kwamba hatari yake ni kubwa anaweza kujipima nyumbani, kisha, majibu yakionyesha maambukizi, akathibitishe kituoni.