Chaneli ya redio kati ya gari na gari
Chaneli ya redio kati ya gari na gari ni njia inayopitiwa na mawimbi ya redio kutoka antena ya gari moja hadi antena ya gari lingine, pamoja na mabadiliko yote yanayoyapata mawimbi hayo njiani. Magari huwasiliana hasa kwa masafa ya gigahezi 5.9, ambapo urefu wa wimbi ni sentimita 5 hivi.

Simu ya mkononi huwasiliana na mnara uliosimama, mrefu kuliko miti. Kwa magari, pande zote mbili zinakwenda, na antena zote ziko chini. Hivyo nguvu ya mawimbi haikadiriwi kwa umbali peke yake, bali huelezwa kwa takwimu. Mojawapo ya modeli za mwanzo ilichapishwa na Akki na Haber mwaka 1986.

Barabara ya Masasi hadi Newala ni mfano mzuri. Masasi iko chini, kati ya vilima vya miamba. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Penye barabara iliyonyooka magari huonana, na wimbi la moja kwa moja lina nguvu kuliko yale yanayoakisiwa. Nguvu hufuata mgawanyo wa Rice. Kwenye kona za kupandia, mlima au mikorosho huziba njia. Hubaki mawimbi yaliyotawanywa tu, na mgawanyo huwa wa Rayleigh: kwa karibu asilimia 10 ya wakati nguvu huwa chini ya sehemu ya kumi ya wastani wake.

Kuna pia athari ya Doppler, ileile inayobadilisha mlio wa honi ya basi linapopita. Magari mawili yanayokaribiana, kila moja kwa kilomita 80 kwa saa, hupandisha masafa kwa hezi 870 hivi. Yakishapishana, masafa hushuka.

Ugumu mkubwa ni kwamba takwimu zenyewe hazitulii. Wastani uliopimwa tambarare haufai mita mia mbele, kwenye kona. Ujumbe wa usalama hutumwa kwa kawaida mara 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo gari husogea mita 2.2 kati ya ujumbe na ujumbe. Zikipotea tano mfululizo, dereva amekwisha kusogea zaidi ya mita 11 bila kujua kuwa lori limekwama mbele. Na kona isiyoonyesha lori ndiyo hiyohiyo inayozuia mawimbi. Kwa sababu hiyo mahali pa namna hii hufaa kuwekwa kituo kidogo kando ya barabara, kinachoona pande zote mbili za kona na kurudia ujumbe.